Karatasi ya Vidonge vya Wamucii

Kamakwa, Nyeri
Jumatano, 14 Juni 1989

Mpendwa dada Wachuka,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na shemeji Mutahi mko wazima, na kwamba mgongo wako, ulioniandikia kuwa umekukataza kuinama shambani, sasa umeanza kukuruhusu. Watoto nao nawasalimu kila mmoja kwa jina lake. Sisi huku hatujambo kwa kipimo cha mwezi wa sita: ukungu haujaondoka tangu Jumapili, mlima hatujauona, na nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu kisha zinaanuliwa zikiwa bado mbichi. Wamucii anakusalimu. Yuko hapa mezani anakula viazi, na habari hiyo ya viazi naitanguliza ili moyo wako utulie kabla hujasoma mengine.

Barua yako niliipata juzi. Umesema Jumamosi hii utakuja na shemeji, pamoja na mzee wa kanisa na akina mama wawili, mwende wote mpaka kliniki ya Daktari Mbaabu mkamwulize ni nani aliyempa ruhusa ya kumlisha mtoto wetu dawa za wazimu. Na kwamba ukitoka hapo utaondoka na Wamucii, akae kwako Kagio mpaka mimi nitakapopata akili. Dada, sikukatazi kukasirika. Mtoto ameanguka mbele ya shule nzima, na wewe umepata habari hiyo kwa watu wa sokoni badala ya kuipata kwangu. Lakini nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujawaambia watu wa kanisa wajitayarishe. Naanza mbali kwa sababu mambo yenyewe yalianza mbali, na kwa sababu, nikisema kweli, sijawahi kuchoka namna hii tangu Monicah, mama yake Wamucii, afariki.

Wewe Wamucii unayemjua ni wa likizo. Akija kwako anafukuza ndege kwenye mpunga kutoka asubuhi hadi jioni, anapiga kelele, anaruka mifereji, nawe unasema huyu ndiye mtoto, ana nguvu za mama yetu aliyempa jina. Hakuna anayemwambia aketi. Shuleni anaambiwa aketi kutwa nzima, na hawezi. Madaftari yake yote yameanza vizuri. Swali la kwanza lina jibu, la pili lina nusu ya jibu, la tatu lina picha ya ng'ombe. Nikimtuma chumvi saa nane, anarudi saa kumi na mbili bila chumvi na kiatu kimoja, akiwa na habari kamili ya trekta aliyoiona kwenye uwanja wa maonyesho. Siku ya wazazi mwaka jana alipanda juu ya tangi la maji la shule, mwalimu mkuu akiwa katikati ya hotuba, ili aone kama mlima ukiutazama kutoka huko unakuwa karibu zaidi. Na baada ya kila kosa analia, dada, analia kweli, anaahidi, na kesho yake ni vile vile.

Dawa nilitafuta. Nilimpeleka hospitali nikapewa dawa ya minyoo. Nikarudi mwezi uliofuata, nikapewa dawa ya minyoo. Mara ya tatu nilimweleza mhudumu kwamba kama tumboni mwa mtoto huyu kulikuwa na minyoo basi imekwisha kufa na kuzikwa, naye akanisikiliza kwa makini, akaandika dawa ya minyoo. Mwalimu Ndungu, anayefundisha darasa lao la nne, alijaribu kiboko, na kiboko hakikusaidia chochote. Wewe ulituma mizizi ile ya kuchemsha. Aliinywa yote, akakimbia vile vile, ila mdomo ukiwa mchungu.

Ni Kagure, mwenye duka la dawa linalotazamana na kibanda changu cha redio, aliyeniambia habari za Daktari Mbaabu. Akasema ni Mmeru aliyesomea mambo ya watoto wasiotulia, ana kliniki yake mwenyewe Nairobi, na kila Jumamosi ya tatu ya mwezi huja Nyeri na kuwaona watu katika vyumba viwili juu ya duka lake Kagure. Mwezi wa kumi na moja tulikwenda tukakaa mpaka saa tisa, daktari hakufika kwa sababu gari lilimharibikia Thika. Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa likizo. Januari alifika, akatuona kwa dakika kumi, akanipa fomu mbili, moja ijazwe na mimi na nyingine na mwalimu, nirudi nazo Februari. Mwalimu Ndungu alikaa na fomu yake wiki tatu. Nilimkumbusha njiani, nikamkumbusha kanisani, nikamkumbusha alipokuja kuulizia redio yake, akanijibu kwamba nitakapomaliza redio yake naye atamaliza fomu yangu. Aliporudisha, maswali yalikuwa zaidi ya arobaini, na kila swali alikuwa amelijibu kwa maneno mawili, "ni mtundu." Daktari aliisoma, akaikunja, akampigia mwalimu simu yeye mwenyewe.

Kupimwa kwenyewe kulichukua asubuhi nzima. Daktari alimweka Wamucii mbele ya kinasa sauti, akamwambia agonge meza kila atakaposikia namba saba. Saba nne za kwanza aligonga. Ya tano ilimpita kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba saa ya ukutani iko nyuma, akamwuliza daktari kama anajua. Zikaja mbao za kupanga, zikaja picha, kisha nikaulizwa mimi: alizaliwa vipi, alitembea lini, hulala vipi, Monicah alipofariki alifanya nini. Mwishoni daktari akaniambia kwa upole kwamba mtoto hana wazimu wala mapepo, wala hafanyi makusudi. Hali hiyo ina jina refu la Kiingereza ambalo wenyewe hulifupisha kwa herufi nne, ADHD. Kwa kuwa nilimwambia kazi yangu, alinieleza kwa mfano wa redio: ati redio ni nzima kabisa, ila inashika stesheni zote kwa wakati mmoja. Nikamwambia redio za namna hiyo huletewa kila siku na bado sijui kuzitengeneza. Akacheka, akasema yeye naye hatengenezi, anasaidia tu kupunguza kelele.

Hapo ndipo vidonge vilipoingia. Nusu kidonge asubuhi baada ya uji, na nusu saa sita mchana, wala kisipewe baada ya saa tisa, la sivyo hatalala. Daktari alisema kupata kipimo cha dawa hii kunataka subira. Unaanza chini, unapanda ngazi moja, unamtazama mtoto: anakula, analala, anacheza, anasoma? Kisha ndipo unapanda nyingine, au unashuka. Akanipa karatasi yenye mistari, kila siku ya mwezi na nafasi zake mbili. Kidonge kikimezwa niweke alama, kisipomezwa niache wazi. Akasisitiza kwamba nisione haya kuacha nafasi wazi, maana nafasi hiyo nayo inamweleza jambo.

Basi anza kuhesabu taabu. Dukani kwa Kagure dawa iliisha wiki ya pili, nikaenda Karatina kuitafuta. Vidonge vyenyewe ni vidogo kama mbegu za pilipili, na unatakiwa uvikate katikati kwa wembe. Nusu moja inatoka nzima, nusu nyingine inakuwa unga. Shuleni mwalimu mkuu alikataa kuwapa walimu kazi hiyo, akasema hii ni shule wala si zahanati. Kwa hiyo kidonge cha saa sita kilikuwa juu yangu: nifunge kibanda, nipande baiskeli, niisukume kupanda kilima kile mpaka shuleni, nimwite mtoto langoni, nimsubiri ameze, nirudi, nikute wateja wamesimama mlangoni wakiwa wamenuna.

Mwezi wa tatu tulirudi kwa daktari. Karatasi ilikuwa na alama katika kila nafasi, na mwalimu aliandika kwamba hakuna badiliko. Daktari akapandisha, kidonge kizima asubuhi na kizima mchana. Likizo ya Aprili, Wamucii alipokuja kwako, daktari alituambia tuipumzishe dawa, ndiyo maana hukuiona. Mei tulirudi tena. Karatasi imejaa alama, mwalimu anasema hakuna badiliko. Safari hii daktari aligongagonga meza kwa kalamu. Akamgeukia Wamucii, akamwuliza kama kweli anameza kila siku. Wamucii alinitazama, akamtazama daktari, akasema ndiyo. Daktari akaandika vidonge viwili asubuhi na viwili mchana, akaniambia nimtazame sana na nikiona lolote nimpigie.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu aliniita, akanipa mpaka katikati ya muhula. Mtoto asipotulia, nitafute shule nyingine. Kuanzia siku ile vidonge vilimezwa kila siku, asubuhi na mchana, bila kukosa.

Akatulia. Dada, alitulia mpaka Mwalimu Ndungu akanisimamisha njiani kunipa mkono. Alikaa kwenye dawati, akaandika, akamaliza. Kila mtu alifurahi, nami nikafurahi pamoja nao siku mbili tatu. Kisha nikaona githeri inabaki kwenye sahani. Nikaona anajichuna ngozi kwenye vidole gumba mpaka damu inatoka, naye hajui kama anajichuna. Akitoka shule alikuwa anakaa kwenye ngazi ya nyumba na kutazama barabara. Zilipita siku sita bila kuniuliza swali hata moja. Wewe unajua jinsi anavyouliza, hata ukiwa umelala anakuuliza kama umelala. Nilipaswa kumpigia daktari siku ya kwanza kabisa. Nilijiambia kesho, na kesho nilisahau, na nilipokumbuka posta ilikuwa imefungwa.

Jumatatu ya wiki jana, wakati bendera inapandishwa, akaanguka. Mwalimu Ndungu alimbeba mikononi mpaka hospitali, hakungoja gari. Nilipofika nilimshika kifuani, moyo ulikuwa unapiga kama wa kuku aliyekamatwa. Walimlaza mpaka kesho yake, wakasema hajala vya kutosha kwa wiki mbili na kipimo cha dawa ni kikubwa mno kwa mwili wake, tukiache mara moja. Nilimpigia Daktari Mbaabu kutoka posta. Hakungoja Jumamosi yake, alikuja Alhamisi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, na tafadhali usimpe shemeji alisome kabla hujamaliza wewe.

Daktari alimpima Wamucii, akamsikiliza moyo, akamtazama vidole, kisha akazipanga zile karatasi tatu mezani, ya Februari, ya Machi na ya Mei. Uso wake ulikuwa umechoka. Akasema anatafuta mahali alipokosea. Akasema kwa mtoto wa uzito huu hakupaswa kupanda haraka namna ile, lakini kila alipotazama aliona dawa inamezwa na haifanyi kazi. Alikuwa amekwisha kuandika kwenye faili lake kwamba kosa ni lake. Niliyasoma maandishi hayo kinyumenyume kutoka upande wangu wa meza.

Nikamwambia alama zile si za kweli.

Wiki ya kwanza ya dawa nilimpa vizuri. Wiki ya pili, asubuhi moja nilikuwa nimeanza kufungua redio kabla ya uji, nikakumbuka kidonge mtoto amekwisha kwenda. Mchana huo nikakumbuka saa kumi, nikampa, akakaa macho mpaka usiku wa manane. Siku iliyofuata nilipeleka maji shuleni nikaacha kidonge nyumbani. Nafasi wazi zikawa nyingi kuliko zenye alama, nikaona haya kuzitazama, na karatasi nayo ikapotea. Niliipata jioni ya kuamkia siku ya daktari, chini ya spika ya mtu. Nikaketi nikazijaza zote kwa dakika tano. Nilitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili zionekane ni za siku mbalimbali. Machi nikafanya hivyo hivyo, na Mei. Nusu kidonge haikushindwa kumsaidia. Hakuipata. Daktari akawa anapanda ngazi juu ya uongo wangu, mpaka mwalimu mkuu aliponitisha nikamwomba Kagure anipigie kelele kila saa sita kutoka ng'ambo ya barabara, na mtoto ambaye alikuwa akipata kidonge mara mbili tatu kwa wiki akaanza kupata vinne kwa siku.

Mambo hayo ndiyo ulitaka kuja kumwuliza daktari, na majibu yote ninayo mimi.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, maana ningejua la kufanya. Aliniuliza tu ni siku zipi zilizokuwa za kweli, nikamwonyesha chache ninazozikumbuka. Kisha akamwuliza Wamucii, bila ukali, kwa nini Mei alisema anameza kila siku. Wamucii aliangalia vidole vyake vilivyofungwa bendeji.

"Nilimwona Baba akiziandika," akasema. "Lakini wanaosahau huchapwa. Na Baba hasahau kwa kupenda."

Dada, nimefiwa na mke, na sikuwahi kutokwa na machozi mbele ya mtu nisiyemjua. Siku hiyo yalinitoka. Mtoto wa miaka kumi alimeza vidonge vinne kila siku, na moyo wake ukimwenda mbio, ili mimi nisichapwe.

Daktari alitupa muda, akaenda dirishani. Aliporudi aliniuliza nina redio ngapi kibandani ambazo nimezifungua na sijazifunga. Nikasema sijui. Akauliza shule niliishia wapi na kwa nini, na kama nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipoteza vitu. Nilianza kumjibu kwa mzaha, kisha mzaha ukaniishia. Akasema hatamwandika mtu jina kwa mazungumzo ya nusu saa, lakini hali hii mara nyingi huwa ya ukoo, na wengine huwa nayo utu uzima wao wote wakiitwa wavivu na waongo. Nilimwambia uongo ni uongo. Akakubali kwamba ni uongo, akasema hilo halimzuii kunipima.

Dawa tuliisimamisha siku sita. Jumatatu hii tumeanza upya, nusu kidonge, na safari hii zote mbili anapewa shuleni na Mwalimu Ndungu. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa. Tangu siku ile aliyombeba hajasema neno mtundu. Karatasi iko kwake, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake. Jana mchana alikuwa kwenye mkutano na nafasi hiyo ameiacha wazi. Leo Wamucii amerudi na daftari la hesabu lenye ukurasa mmoja uliokwisha na mwingine wenye ng'ombe, akala, akaniuliza kwa nini viazi havina mbegu. Nimefurahi kama mtu aliyelipwa.

Kwa hiyo, dada, waambie watu wa kanisa wakae. Na pale sokoni Kagio, mahali mlipolitaja jina la Daktari Mbaabu, uwaambie haya niliyokuandikia, hata kama yatanifanya nisipite hapo kwa muda. Mtu huyo alikuwa tayari kubeba kosa ambalo si lake.

Lakini wewe uje. Jumamosi saa nne daktari ataniona mimi, na amesema lazima awepo mtu aliyenijua nikiwa na umri wa Wamucii, mtu atakayesema nilivyokuwa bila kunipamba. Baba na mama hawapo. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifuata mpaka shuleni na viatu nilivyosahau, na wewe ndiye uliyekuwa ukiketi nami jioni na mwiko mkononi mpaka nimalize kurasa mbili, mara nyingi tukilia wote wawili. Nimempa jina lako. Mwambie yote, hata yale ya ng'ombe wa Baba aliyeingia kwenye kahawa ya watu. Ukimaliza, ukiona bado inafaa Wamucii akae kwako, sitakupinga. Ila umwulize yeye kwanza, na umpe muda wa kujibu.

Barua hii nampa Kaberia, dereva wa lori linalokuja Kagio kesho kuchukua nyanya. Nampa mara tu nikimaliza kuiandika, kabla sijaiweka mahali. Msalimie sana shemeji Mutahi, uwasalimie watoto, na majirani wanaoniulizia kwa wema. Wamucii anasema nikuandikie kwamba vidole vinapona na kwamba ukija utembee polepole kwenye ngazi za kliniki, ziko kumi na saba na ya tisa imelegea.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Gatimu